Daftari la Mzazi: Tathmini ya Maandalizi ya Kitubio cha Kwanza na Komunyo ya Kwanza

Kwa muda wa miaka 2 binti yetu alihudhuria maandalizi ya Kitubio cha kwanza na Komunyo ya Kwanza yanayoendeshwa kwa pamoja na shule yake ya Kikatoliki na parokia inayoilea shule hiyo. Aliungama kwa mara ya kwanza wakati wa Kwaresima na kupokea Ekaristi Takatifu katika kipindi cha Pasaka, akiwa na umri wa miaka 8. Ninaiandika tathmini hii kwa ajili ya wazazi wanaojiuliza watarajie nini kutoka katika huduma ya namna hii, na kwa ajili ya walimu wa dini na makatekista wanaofikiria kuubadili mpango wao. Nina sababu ya kulinganisha: kaka yake, ambaye sasa ana miaka 13, aliandaliwa kwingine na kwa njia nyingine kabisa, na tofauti ya njia hizo mbili tunaiona nyumbani mwetu hadi leo.

Niseme mapema ninachokiamini. Maandalizi haya ni mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaona, na uzuri wake unatokana na uamuzi mmoja ambao waliouandaa mpango huu wameushikilia bila kulegea, yaani kumshughulikia mzazi kabla ya mtoto. Upungufu wake mkubwa ni kwamba yanafika mwisho siku ile ile mtoto anapoketi mezani kwa Bwana. Kama ningetakiwa kuyapa nyota, ningeyapa 4 kati ya 5, na hiyo moja inayokosekana nitaieleza.

Siku ya kuandikisha hatukupewa kitabu cha mtoto. Tulipewa daftari lenye jalada gumu ambalo kila ukurasa una swali moja juu na mistari mitupu chini, na tukaelekezwa kwamba mzazi ajibu kwa mwandiko wake mwenyewe, kisha amsomee mtoto alichokiandika kabla ya Misa ya Jumapili. Swali la wiki ya kwanza liliuliza: nani alikufundisha kufanya ishara ya msalaba? Nililiona kuwa jambo la dakika mbili. Nilikuwa na hakika kwamba ni mama yangu, lakini nilipompigia simu alinijibu kwamba si yeye, ni marehemu babu, ambaye kila usiku aliushika mkono wangu wa kulia na kuupeleka kwenye paji la uso, kifuani na mabegani wakati bado sijui kuyatamka maneno. Niliyaandika hayo, nikamsomea binti yangu tukiwa mezani, naye akauliza: "Na mimi, Baba, alinifundisha nani?" Mimi na mama yake tulitazamana, kwa maana hakuna aliyekumbuka. Kaka yake, aliyekuwa akila kimya, akasema, "Ni mimi." Tulikuwa tumeishi na jambo hilo ndani ya nyumba kwa miaka kadhaa bila kulijua.

Maswali yaliyofuata yalikuwa ya namna hiyo hiyo, mepesi kuyasoma na mazito kuyajibu: ni lini uliwahi kumwomba mtu msamaha ukiwa mtu mzima, ni sala gani unayoikumbuka hata ukiwa na hofu, siku ya ubatizo wa mtoto huyu, nani alikuwepo, na ni kwa nini mlimchagulia jina hilo. Kanuni ya 774 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba wazazi, kabla ya watu wengine wote, wanawajibika kuwalea watoto wao katika imani kwa maneno na kwa mfano wa maisha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa lote, uliizungumzia familia kama kanisa la nyumbani katika hati yake ya mwaka 1964 juu ya Kanisa, na mwaka uliofuata, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo, ukasisitiza kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu. Mafundisho hayo nimeyasikia katika mahubiri tangu utotoni na kuyaitikia kwa kichwa, lakini hakuna aliyekuwa amewahi kunipa kazi inayotokana nayo. Daftari lile lilinipa kazi yenye tarehe ya kuikamilisha na mtoto anayesubiri kusomewa.

Mikutano ya wazazi ilikuwa mara moja kwa mwezi, na sina mengi ya kusema juu yake. Mingi ilianza kwa kuchelewa, na mmoja tu ndio ulionigusa kweli, pale padre alipoacha karatasi zake na kutueleza Misa hatua kwa hatua akiwa amesimama altareni, kuanzia kuibusu altare hadi baraka ya mwisho.

Sehemu iliyofanywa kwa ustadi mkubwa zaidi ilikuwa maandalizi ya Kitubio, na ninataka kuieleza kwa urefu, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo maandalizi mengi huipitia haraka ili kuifikia siku ya sherehe. Kanuni ya 914 inaagiza kwamba watoto waliofikia umri wa kutumia akili waandaliwe ipasavyo na wapewe mapema iwezekanavyo chakula hiki cha kimungu baada ya kuungama. Umri huo ulielezwa katika hati Quam singulari, iliyotolewa tarehe 8 Agosti 1910 wakati wa Papa Pio X, kuwa ni kuanzia miaka 7 hivi, wakati ambapo katika sehemu nyingi watoto walikuwa wakisubirishwa hadi miaka 12 au hata 14. Kumwandaa mtoto wa miaka 7 au 8 kuungama kunahitaji uangalifu mkubwa, kwa kuwa mtoto wa umri huo anaweza kuogopeshwa kwa neno moja na akaibeba hofu hiyo hadi utu uzima. Ninawajua watu wazima wanaoibeba mpaka leo.

Katekista wetu alianza na kadi. Aliziandika kwa mkono, akazitawanya juu ya meza, na kila kadi ilikuwa na tukio: nimevunja glasi nikiiosha, nimemsukuma mwenzangu makusudi, nimesahau kufanya kazi ya nyumbani, nimesema kwamba ni mdogo wangu aliyefanya, nikijua kwamba ni mimi, nimelala wakati wa sala kwa sababu nilikuwa na homa. Watoto walitakiwa kuzigawa kadi hizo katika mafungu mawili, ajali upande mmoja na dhambi upande mwingine, na kueleza sababu. Wazazi tuliokuwa nyuma ya chumba tulishuhudia mabishano makali kuhusu ile ya kazi ya nyumbani, mpaka mtoto mmoja akauliza kama aliyesahau alikuwa ameikumbuka kisha akaamua kucheza kwanza. Katekista aliichukua kadi ile, akaongeza chini yake maneno "nilikumbuka", akairudisha mezani, na wote wakaihamisha. Katika dakika zile chache watoto walijifunza kwamba dhambi inahitaji kujua na kutaka, jambo ambalo mimi nililikariri nikiwa mdogo kwa maneno magumu na sikulielewa hadi nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe.

Wiki iliyofuata aliwapeleka kanisani mchana, kukiwa hakuna mtu, akawafungulia kiti cha maungamo. Kila mtoto aliingia pande zote mbili, akakaa mahali pa padre na kupiga magoti mahali pa mwenye kutubu, akaligusa lile dirisha lenye wavu na kusikia sauti ya mwenzake ikitokea upande wa pili. Baada ya hapo ndipo alipowaruhusu kuuliza, na swali la kwanza lilikuwa lile ambalo watu wazima pia hulificha mioyoni: je, padre atamwambia mwalimu? Aliwajibu kwamba padre hawezi kumwambia mwalimu, wala mama, wala Papa, wala hakimu, na kwamba siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote ile. Mwingine akauliza itakuwaje akisahau dhambi moja. Akajibiwa kwamba asiyeficha kwa kukusudia amesamehewa yote, na akiikumbuka baadaye ataitaja safari nyingine. Nilimtazama binti yangu akishusha mabega.

Tuliagizwa jambo moja gumu: mtoto akiiandika karatasi yake ya kutafiti dhamiri, mzazi asiisome, asiulize kilichomo, wala asimkumbushe makosa. Binti yangu aliandika yake akiwa amejikunja pembeni mwa kitanda na kuikunja mara nne. Ilikaa mfukoni mwa sketi yake kwa siku mbili, na ninakiri kwamba nilitamani kuiona. Baada ya kuungama aliichana vipande vidogo sana mbele ya kanisa, akavitia mfukoni ili asitupe taka.

Jioni hiyo mapadre wawili walibaki kwa ajili ya wazazi, na hakuna aliyetajwa jina wala kusukumwa. Nilikuwa sijaungama kwa miaka 6. Sala ya kutubu niliikumbuka vizuri kwa sababu kwa wiki kadhaa nilikuwa nikimsikiliza mtoto akijifunza "Mungu wangu, nimetubu sana niliyokosa kwako", na nilipotoka nilimkuta ameketi benchi la nyuma akinisubiri. Hakuniuliza kitu. Alikuwa ameifahamu kanuni ile ya kutouliza kuliko mimi.

Masomo ya Ekaristi yenyewe yalikuwa mazuri, ingawa hayakufikia kiwango hicho. Watoto walifundishwa sehemu za Misa, wakaonyeshwa kalisi na patena, yaani kikombe na kisahani vya Misa, wakaelezwa kufunga kwa saa moja kabla ya kupokea, na wakafanya mazoezi kwa hostia, yaani mikate myembamba ya Misa, ambazo hazijageuzwa ili ladha isije kuwashangaza siku yenyewe. Walisimuliwa habari za Carlo Acutis, aliyepokea Komunyo ya Kwanza akiwa na miaka 7, akafariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na kutangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025. Kijana aliyependa kompyuta na kuzitumia kueneza habari za Ekaristi huwaingia watoto wa leo bila maelezo mengi. Nililothamini zaidi lilikuwa kipindi kizima kilichotumika kwa neno moja, "Amina", ambalo mtoto hulijibu anapoambiwa "Mwili wa Kristo". Katekista aliwafafanulia kwamba neno hilo ni jibu la mtu aliyeulizwa kama anasadiki, kwa hiyo lisemwe baada ya kusikia, kwa sauti, mtu akiwa amesimama na kutulia.

Katika kundi lao alikuwemo mtoto asiyeweza kuzungumza. Nilihofu kwamba ataambiwa asubiri, kwa sababu nimewahi kusikia wazazi wengine wakijibiwa hivyo. Mwongozo wa Katekesi uliotolewa na Vatikano mwaka 2020 unasema wazi kwamba hakuna anayeweza kuwanyima sakramenti watu wenye ulemavu, na nilifurahi kuona kwamba hapa halikuwa jambo la kujadiliwa. Katekista alikaa na mtoto huyo na mama yake, wakakubaliana kwamba "Amina" yake itakuwa kuweka kiganja kifuani, na kila walipofanya mazoezi wenzake walisimama na kumngoja hadi kiganja kimefika. Siku ya Komunyo padre naye alingoja.

Sasa niyaseme yaliyoniudhi. Wiki 3 za mwisho zilitumika zote katika mazoezi ya maandamano: nani amfuate nani, ageukie wapi, ashike mikono vipi, akae benchi la ngapi. Daftari liliachwa, mafundisho yakasimama, na mtoto ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa akiuliza jinsi Kristo anavyoweza kuwa mzima katika kila kipande cha Hostia alianza kuuliza kama atakuwa mstari wa mbele katika picha. Ninaelewa kwamba ibada inahitaji mpangilio na kwamba watoto wanaojua mahali pao hutulia zaidi, lakini kipindi kimoja kingetosha, na hizo wiki nyingine zingekuwa za kusali.

Kosa la pili lilinichoma zaidi, ingawa halikutupata sisi. Fomu zote zilihitaji sahihi ya baba na ya mama, na katika mkutano mmoja mama anayemlea mtoto peke yake aliulizwa mbele ya watu ni kwa nini mumewe haonekani. Alijibu kwa upole, akaketi, na mkutano uliofuata hakuja. Mpango unaojengwa juu ya familia una wajibu wa kuzipokea familia kama zilivyo, iwe ni ya mzazi mmoja, ya mtoto anayelelewa na bibi yake, au ya ndoa ambayo mmoja si Mkatoliki. Wengi wa wazazi hao ndio wanaofanya kazi kubwa zaidi ya kumleta mtoto kanisani. Nilimweleza paroko faragha, akalipokea jambo hilo vizuri, na fomu za mwaka unaofuata nimeambiwa zimebadilishwa.

Wasimamizi wa ubatizo nao walisahauliwa. Kanisa linawapa jukumu la kumsaidia mbatizwa aishi maisha ya Kikristo yanayolingana na ubatizo wake, lakini katika miaka yote 2 hawakuitwa hata mara moja, isipokuwa siku ya mwisho kama wageni.

Nyota ile iliyokosekana iko hapa: baada ya Komunyo ya Kwanza hapakuwa na kitu. Jumapili iliyofuata watoto wale waliketi na wazazi wao kama waumini wengine, hakuna aliyewauliza walichokiona wala walichokipokea. Kanisa la kale lilifanya kinyume. Katika karne ya 4, Mtakatifu Ambrosi wa Milano aliwafafanulia waliobatizwa usiku wa Pasaka maana ya sakramenti katika siku zilizofuata, baada ya kuzipokea, kwa kuamini kwamba mtu huelewa vizuri zaidi akishaonja. Mtoto wa miaka 8 ana maswali mengi zaidi wiki moja baada ya Komunyo kuliko wiki moja kabla yake. Binti yangu aliniuliza, Jumanne tukienda shuleni, kama Yesu bado yumo ndani yake au ameshaondoka, na sikuwa na mtu wa kumpelekea swali hilo isipokuwa padre tuliyemvizia baada ya Misa.

Kaka yake alipitia njia ya maswali na majibu. Alikariri kijitabu kizima, akahojiwa na jopo la watu watatu, akafaulu, na akapokea. Sitaidharau njia hiyo, kwa sababu sala alizozikariri anazo hadi leo, na mtoto asiye na maneno ya kusali hana pa kuanzia. Lakini sisi wazazi hatukutakiwa kufanya lolote zaidi ya kumfikisha mlangoni na kumchukua, na tulifanya hilo hilo tu. Hati ile ya mwaka 1910 yenyewe haikumdai mtoto ujuzi kamili wa mafundisho. Ilitaka ajue kwa kadiri ya uwezo wake mafumbo ya imani yaliyo ya lazima, na autofautishe mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Kijana wetu alijua mengi zaidi ya hayo, na kwa karibu miaka 3 baada ya hapo hakutaka kwenda Misa.

Mzazi anayefikiria kumwandikisha mtoto wake katika maandalizi ya aina hii ajue kwamba yatamgharimu jioni moja kila wiki, na kwamba jioni hiyo haiwezi kukabidhiwa kwa msaidizi wa nyumbani wala kwa mwalimu. Ningemshauri pia aulize mapema nini kitafuata baada ya siku ya Komunyo, kwa sababu huenda swali likiulizwa na wengi litapata jibu. Katekista mwenye moyo yupo, mapadre wenye muda wa kuungamisha wapo, na daftari lipo. Kinachopungua ni kurasa nyingine 10.

Kurasa hizo tumeanza kuziongeza wenyewe. Mwisho wa daftari kulikuwa na karatasi tupu, na kila Jumamosi mmoja wetu anaandika swali kwa ajili ya wengine. Wiki iliyopita zamu ilikuwa ya kaka yake, ambaye anakaribia Kipaimara, sakramenti ya kumwimarisha mbatizwa, na ameambiwa kwamba inafaa msimamizi wake awe yule yule wa ubatizo. Aliandika, kwa mwandiko wake mbaya: "Msimamizi wangu wa ubatizo yuko wapi siku hizi, na je, ananikumbuka?" Nilimtafuta kwa siku mbili. Anakuja Jumapili baada ya Misa.